Kikerewe cha Wakubwa

Jumatatu, 16 Oktoba 1961
Mvua tangu alfajiri. Nimesahihisha madaftari ya darasa la tatu. Kugawanya, ovyo kabisa. Asubuhi viatu vyangu vya kazini havikuonekana. Paulo alikuwa amevivaa kwenda kuteka maji. Vinamtosha. Nimekwenda shule na vya kanisani.

Barua kutoka Ukerewe. Mzee Mazigo, mkubwa wa ukoo wetu, anasema Paulo ametimiza miaka kumi na mitano. Apelekwe akakabidhiwe shamba la baba yake, akae huko huko. Baba yake, yaani marehemu kaka yangu Andrea. Tulimchukua mtoto ana miezi minane, mama yake naye ameshazikwa. Hatujamwambia. Mwanzoni alikuwa mdogo mno, halafu tukawa tumechelewa. Hapa Pasiansi kila mtu anamwita mke wangu Mama Paulo, na nadhani mwenyewe ameshasahau kwamba hakumzaa.

Jumatano, 18 Oktoba
Tumeizungumza barua wakati wa chakula, kwa Kikerewe. Ndiyo faida ya kuwalea watoto kwa Kiswahili. Nilikataza kilugha humu ndani tangu Paulo alipoanza kusema, wasije wakachekwa shuleni. Kikerewe kikabaki cha sisi wawili, cha mambo ya wakubwa. Mke wangu amesema Paulo akichukuliwa, na yeye atarudi kwao. Amesema hivyo huku akimwongezea Paulo mboga. Watoto walikula kimya. Wana adabu, namshukuru Mungu.

Jumapili, 29 Oktoba
Paulo amebadilika. Anaamka kabla yangu. Ametengeneza mlango wa jiko ambao nimeuahidi tangu Pasaka. Sauti imekuwa nzito, akibisha hodi nadhani ni mgeni. Binti yetu Veronika ana miaka kumi na mitatu na amekuwa kama mama mkwe wangu. Ananitazama kama mkaguzi wa shule. Tereza, yule mdogo, hukemewa naye kwa macho tu.

Naona fahari, halafu hofu. Barua sijaijibu. Nisiandike uongo humu daftarini. Siogopi shamba. Naogopa siku Paulo atakaponiita baba mdogo.

Jumamosi, 11 Novemba
Barua ya pili, kali. Mzee Mazigo atakuja mwenyewe Krismasi kumchukua. Tumegombana kwa Kikerewe mbele ya sufuria. Mke wangu anataka mtoto aambiwe. Nimesema bado. Akauliza, bado mpaka lini, mpaka aote mvi?

Jumanne, 14 Novemba
Aibu. Naandika kama ilivyokuwa.

Chakula cha mchana, nyumba imenuna. Nikataka kumchekesha mke wangu. Nikamwambia kwa Kikerewe jinsi mwalimu mkuu alivyokuwa akiwafundisha watoto gwaride la Uhuru, suruali ikampasukia nyuma, naye akaendelea kuhesabu kushoto-kulia bila habari.

Tereza akacheka. Miaka minane. Akacheka mpaka samaki akamtoka mdomoni. Veronika akamfinya, lakini wapi.

Nikamwuliza Veronika wameanza lini kuelewa.

“Tangu Bibi alipokuwa hapa, Baba.”

Mama yangu alilala nao chumba kimoja mwaka mzima kabla hajafariki. Sijui tulidhani wanazungumza Kiarabu. Miaka mitatu sasa. Nikamwuliza kwa nini hawakusema.

“Mlikuwa mnapenda kuongea peke yenu. Tukaona tusiwaharibie.”

Nikamtazama Paulo. Alikuwa anamtolea Tereza miba ya samaki, hakuinua macho. Kwa hiyo anajua. Alijua siku ile ya mboga. Alijua alipotengeneza mlango.

Mke wangu akatoka nje. Paulo akanawa mikono, akamfuata. Nimewaona dirishani wamekaa kizingitini mwa jiko. Mabega yake yamempita mama yake. Mimi nimebaki mezani na mabakuli.

Alhamisi, 16 Novemba
Paulo kanifuata mwenyewe jioni. Amesema barua ijibiwe, si adabu kumnyamazia mzee. Twende Ukerewe shule zikifungwa. Nikaanza hotuba yangu, akanikatiza. Akaniuliza jambo moja tu, kama Andrea alikuwa mrefu. Nikamwambia alikuwa mrefu, alitumia mkono wa kushoto, na hakujua kuimba lakini aliimba. Nimezungumza mpaka ugali ukapoa. Sikujua kwamba nilikuwa nimemkosa kaka yangu hivi.

Usiku nimelia kidogo. Mke wangu amejifanya amelala.

Jumapili, 17 Desemba
Tumerudi kutoka Ukerewe. Ziwa limetulia, boti imejaa watu na mihogo.

Kaburi lilikuwa na majani. Paulo aliomba jembe, akapalilia. Mbele ya wazee nilikuwa nimejiandaa kumsemea. Hakunipa nafasi. Aliwaamkia, akawaambia shamba amelipokea kwa heshima, litunzwe na ndugu, naye atakuja kila likizo mpaka amalize shule. Baada ya hapo ataamua mwenyewe. Mzee Mazigo alinitazama mimi. Nami nikamtazama Paulo. Mzee akasema basi, iwe hivyo.

Kwenye boti bibi mmoja alimwuliza kwa Kikerewe anatoka wapi. Paulo akamjibu, kwa Kikerewe safi kuliko changu, kwamba alikwenda kumsalimia baba, na sasa anarudi nyumbani na baba.

Yule bibi alitutazama, hakuelewa. Hatukumweleza.