Jozi Tatu za Vumbi

Jumatatu, 4 Juni 1934
Kanzu mbili na suruali ya karani. Cherehani inakwama. Bapa, baba mzazi wa Baniani mwenye duka, ameshinda nami barazani akichambua mchele na kunisemesha. Eti kila kitu kimejengwa kwa chembe zisizokatika. Wahenga wa kwao waliziita paramanu. Nikacheka. Mkasi wangu hukata chochote.

Jumatano, 6 Juni
Bapa kanishinda. Kauliza: kama kila kitu hukatika bila mwisho, punje ya mtama na vilima vya Pugu vitazidianaje kwa vipande? Adhuhuri nikakubali. Lazima mkasi ufike mahali ugome.

Alhamisi, 7 Juni
Mshenga karudi mikono mitupu. Baba yake Mwanaidi hanikatai mimi. Anataka wazazi wangu waende wote wawili, pamoja, ndipo asikilize posa. Baba yuko Mzenga, mama yuko hapa Kisarawe, mwaka wa tano hawasemezani. Chanzo kuku. Nina hasira nao wote, na kuku pia. Mwanaidi nikimkosa sijui nitafanyaje.

Ijumaa, 8 Juni
Baada ya sala. Jua limepenya tundu la bati, vumbi linacheza. Bapa kasema chembe moja haionekani. Mbili zikishikana ni jozi, nayo haionekani. Jozi tatu zikikutana, ndipo jicho linaona kivumbi kimoja kama kile. Nikaacha kushona. Jozi tatu! Mimi na Mwanaidi, wazazi wake, wazazi wangu. Nimejichoma sindano kwa furaha.

Jumapili, 10 Juni
Mzenga. Nilitoka jana alfajiri, miguu inawaka moto. Nimemweleza baba habari za paramanu, kadhani ni dawa ya Kihindi.
"Anywe nani, mimi au mama yako?"
"Mnywe wote, baba. Siku moja, kwa wakwe."
Kacheka mpaka kofia ikaanguka. Atakuja!

Jumanne, 12 Juni
Nimempa mama habari. Kasema hana haja na mzee yule. Kisha kaenda kusukwa nywele.

Jumamosi, 16 Juni
Wamekwenda. Baba alitangulia, kuku kwapani, wa kumlipa mama. Mama nyuma yake, akimkosoa mwendo. Posa imepokewa.
Jioni nikamwambia Bapa jozi zimetimia. Kanisogezea ungo, tukachambua mchele mpaka jua likaliacha tundu la bati.