Upande A Ameondoka Nyumbani

Baba Msomi,

Maharage yako jikoni, yapashe tu. Nguo zianueni kabla ya mvua. Mimi nimekwenda kwa dada yangu. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi nikiombwa radhi.

Wewe asubuhi ulijifungia bafuni, kwa hiyo nikueleze. Dada yako alinitazama usoni akasema tangu aje kwetu hajala chakula kilichoiva. Nikamjibu. Naye akanijibu. Nikamgeukia huyu mwanao, anayesomea uhusiano wa kimataifa mpaka uzamivu, tasnifu nzima ya kupatanisha mataifa, nikamwambia, "Mwanangu, hebu sema neno."

Akasema mtafiti haegemei upande. Kisha akawasha kinasa sauti, akamwomba shangazi yake arudie polepole lile la chakula kibichi, maana halikusikika vizuri. Na wifi akarudia! Tena kwa madaha!

Nafunga mkoba, namsikia mwanao anamwambia msimamizi wake kwenye simu, furaha tele: "Upande A amejitoa kwenye mazungumzo." Upande A ndiye mimi, niliyemnyonyesha.

Wifi, dawa zako za presha ziko karibu na kikombe chako. Usizimeze kabla ya kula, hata kama chakula ni kibichi.

Na wewe Msomi, masufuria yamejaa kwenye sinki. Usiyatafiti. Yaoshe.

~~Upande A~~
Mama yako