Droo za Mutua Zilizokuwa Zinabisha

Noonkopir, Kitengela
Mwezi wa kumi na moja

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini maneno haya yatakupata umesimama, si umelazwa na lile goti. Mvua imefika huko Mwingi? Yule mbuzi mweupe alizaa? Mimi ni mzima. Niko na kikohozi tu, cha vumbi la mbao na cha vumbi la malori ya simiti, na siku hizi sijui nikohoe lipi kwanza.

Kabla sijaendelea: barua hii nitampa mwinjilisti anayekuja huko kesho. Dada yangu Ndinda akusomee kabla Mwende hajafika, na ukishaisikia, iwashie moto wa chai. Utaona kwa nini.

Siku tuliyomzika kaka yangu Mutua uliniambia nimlete mke wake Mwende nyumbani, ajifungulie mikononi mwako. Nimemwomba miezi mitatu, amekataa. Si ati anapenda Kitengela. Amekataa kwa sababu mume wake anabisha.

Anabisha ndani ya ile kabati ya droo nne aliyoiacha bila kumaliza. Mbao za droo zilikuwa tayari, zimerandwa laini kama sabuni. Kilichobaki ni kuzichimba mifereji ya kushikilia plaiwudi ya chini. Nilitoka mazishini nikaimalizia mwenyewe, kwa haraka, macho yakiwa na maji. Plaiwudi inaitwa ya milimita sita. Nikaweka kisu cha sita kwenye randa, nikachimba sita.

Sasa, Mwaitu, plaiwudi ni muongo. Ile ya sita haifiki sita, na kila shiti iko na uongo wake. Mutua alijua. Hakuwa mtu wa rula. Alikuwa anachukua plaiwudi yenyewe, anachimba kwa kisu chembamba, anaijaribu, anachimba tena, mpaka iingie kwa kusukumwa na kidole gumba na isiseme kitu. Siku moja aliniambia, "Sita ni jina tu. Wewe si unaitwa Kioko, mtoto wa asubuhi, na Mwaitu anasema ulizaliwa saa nane mchana?" Nilicheka. Sikushika.

Kwa hivyo plaiwudi zangu zilikuwa zinacheza kwenye mifereji. Na nyumba ya Mwende iko karibu na barabara ya Namanga. Lori likipita ukuta unatetemeka, kabati inatetemeka, na droo zinasema ko, ko.

Mara ya kwanza nilikuwa hapo nakunywa chai. Mwende akaweka kikombe chini, akashika tumbo.

"Umemsikia?"

"Shemeji, hiyo ni plaiwudi."

"Ya nani?"

"Yangu. Nilichimba vibaya."

"Haya, wewe ndiye fundi. Plaiwudi hugonga mara ngapi?"

"Inategemea lori."

"Hii hugonga mara mbili. Na kaka yako alibisha mara mbili kila jioni, hata mlango ukiwa wazi. Siwezi kwenda Mwingi nimwache hapo anabisha."

Na ni kweli, Mutua alibisha hivyo. Basi nikahesabu siku hiyo, na siku zilizofuata. Mara mbili. Droo ni nne, malori ni ya kila aina, na milio ni miwili. Mimi ni mtu wa mbao, na hesabu hiyo sikuipenda.

Halafu wiki iliyopita miguu yake ikavimba. Nesi wa kliniki akamwambia asikae peke yake tena hata siku moja. Nikamdanganya kwamba nataka kuzipaka droo vanishi, nikazibeba mpaka karakana.

Mfereji ukishakuwa mpana haurudi, na kutupa mbao alizoranda Mutua sikuweza. Nikatafuta plaiwudi nene zaidi, nikaipunguza kingo upande wa chini, kidogo kidogo, nikijaribu kila upande kwenye mfereji wake. Njoroge, fundi wa vitanda ninayegawana naye karakana, alitazama mpaka akachoka.

"Hiyo droo ni ya DC?"

"Ni ya marehemu."

Njoroge ni mtu wa mdomo, lakini siku hiyo hata misumari aliipigilia polepole.

Droo ya tatu ilikataa. Nikasukuma, ikakataa. Nikaiacha nikaenda kunywa maji. Kurudi, ikaingia kwa kidole. Labda mbao ilikuwa imepoa kivulini. Nakuandikia labda.

Nikazirudisha. Lori likapita, vikombe vikatikisika mezani, kabati kimya. La pili, kimya. Mwende alikaa siku mbili akiitazama, chakula anakionja tu. Siku ya tatu akasema, "Ameenda." Akaanza kukunja nguo.

Nilitaka kumwambia ni plaiwudi nilizobadilisha. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaitazama ile miguu, nikaufunga. Sijui kama nimemwokoa yeye ama nimemfukuza kaka yangu kwa randa. Wewe uliyetuzaa wote wawili, amua.

Anakuja Jumamosi kwa pikapu ya muuza nyanya za sokoni, na kabati inakuja naye. Ukizifungua droo, usitume mtu aniambie zimekaa vizuri.

Nisalimie Ndinda, na mumewe anayenidai kitanda. Nisalimie mjomba Kimeu wa ng'ombe wa kulima. Susu, nyanya yetu, mwambie bado sijaoa na asinitafutie.

Jambo moja limebaki. Leo asubuhi Mwende akifunga vyombo alinishika mkono. "Kioko, akirudi akose mtu, utamwambia niko wapi?" Nikasema nitamwambia.

Saa sita lori likapita, karakana ikatikisika. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Anaenda Mwingi. Jumamosi."

Njoroge akainua kichwa. "Unaongea na nani?"

"Kasitoma."

Akatazama mlangoni. Akabeba kitanda chake akaenda kukipigilia nje, kwa jua.

Ni mimi mwanao wa kiume aliyebaki,
Kioko