Kivuli Ulichompa Msimamizi

Baba Akonaay,

Ugali nimeufunika. Usiwashe jiko ndani ya tela, humu tayari ni tanuri. Loweka magunia uyatandaze juu ya paa, na dirisha la upande wa jua ulifunge mpaka jioni.

Asubuhi nilipokwenda kuchota maji, niliacha tela letu chini ya mgunga. Narudi, nakuta umelivuta kwa trekta hadi katikati ya mabua ya ngano, na tela la msimamizi limekaa pale petu. Mama Genoveva wa tela la jirani ameniambia hukuombwa. Ulijitolea mwenyewe, eti upewe kombaini ya kuvunia uiendeshe. Na jana tu ulikuwa unampepea mtoto vipele vyake vya joto kwa kofia yako!

~~Naenda kwa mama yangu, kule Maretadu.~~ Hapana, siendi mbali hivyo.

Nilikwenda kumwomba msimamizi atuachie hata upande mmoja wa kivuli. Akaniuliza mume wangu ni nani. Nikamtajia jina lako mara mbili. Hakujui.

Mimi na mtoto tutashinda pale, mlangoni kwake. Ukija kutuchukua, anza kwa kujitambulisha.

Mama Akonaay