Kabati Lisilotoka Mlangoni

Mlalo, 4 Aprili 1973

Mika mjukuu wangu,

Hujambo huko Tanga? Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti lenyewe umeliumiza wewe. Kila nikipita na sufuria nagonga kona ya kabati lako la ramani.

Barua hii nimeandika mwenyewe. Usidhani jirani yangu Efrazia kaniandikia. Kisomo cha watu wazima nakwenda kila Jumatano, herufi zikipinda ni zangu.

Uliniomba ulitengenezee sebuleni kwangu, eti nje mvua na ukungu, mbao za mkulo zitakunywa maji. Nikakubali. Mbao ziliingia moja moja kwa adabu, kama wageni. Sasa zimeshikana, zimekuwa dude la droo kumi, kila droo pana kama kitanda, kina chake vidole vinne. Nani anaweka nini humo? Kuku kataga droo ya chini. Mchungaji alipokuja kunisalimu alikaa kizingitini.

Ulisema unakwenda kumwona mteja wako, wiki moja unarudi. Hii ni ya sita. Nimepima kabati kwa kamba, kisha mlango. Mika, wewe mlango uliupima?

Bibi yako,
Dorkasi

Tanga, 15 Aprili 1973

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Mimi sijambo, ila joto la huku linanimaliza. Sijakusahau. Mteja wangu, Bwana Hassani, mkuu wa chumba cha ramani, amenibakiza nimtengenezee makabati mawili ya zamani, ya tangu enzi za Wajerumani. Droo zilikuwa zinakwama, fundi mmoja akazipiga randa kupita kiasi, sasa zinacheza na kuchana ramani. Nabandika vipande vyembamba vya mbao ubavuni ziteleze sawa. Ni kazi ya subira.

Kuhusu mlango usihofu. Kabati hutolewa kiubavu. Lori la ofisi litalifuata Jumamosi, tarehe 12 Mei. Tafadhali mtoe kuku. Humo zitalazwa ramani za vijiji vya ujamaa, zisikunjwe.

Mjukuu wako mtiifu,
Mika

Mlalo, 23 Aprili 1973

Mika,

Pasaka imepita salama, tunamshukuru Mungu. Lakini mtiifu? Mtiifu kwa nani?

Jana baada ya ibada niliwaita wanaume wanne, Kristofa mwashi akiwa msimamizi. Wametoa droo zote wakazipanga kitandani kwangu. Wamelilaza kabati, wamelisimamisha, wamelizungusha kama ng'ombe mbishi. Upande wake mwembamba ni futi tatu. Mlango wangu futi mbili na nusu. Kristofa akasema, "Mama, hili limezaliwa humu, litazeekea humu." Wakacheka. Mimi sikucheka.

Umesoma mpaka darasa la saba kwa kahawa yangu. Njoo na msumeno ulikate katikati.

Bibi yako

Tanga, 1 Mei 1973

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepata nafuu. Barua hii isome ukiwa umekaa.

Nimekosa. Nilipima ramani, nikapima droo, mlango sikuupima. Kulikata siwezi. Viungo vimeumana kwa gundi, msumeno ukipita droo hazitateleza tena.

Iko njia moja tu, ukuta wa upande wa barabara. Najua ni matofali ya Babu Rubeni. Lakini Bwana Hassani anataka makabati mengine sita, na hili likimpendeza ananipa mimi yote, niwe fundi wa kujitegemea. Lori likirudi tupu, kazi inakwenda kwa karakana ya hapa mjini. Mimi kutoka hapa kabla ya tarehe 20 siwezi, nimeahidi kumaliza haya ya zamani. Nakuomba, Bibi.

Mika wako

Mlalo, 6 Mei 1973

Mika,

Mimi mzima.

Babu yako aliukanyaga udongo wa matofali yale kwa miguu yake, mimi nikiteka maji na mimba ya miezi saba. Paa halijavuja, ukuta haujapasuka. Leo niuvunje kwa kuwa fundi kasahau mlango? Fundi gani huyo! Hata kuku anajua mlango wa banda lake unamtosha au haumtoshi.

Ukuta hauvunjwi. Usiniandikie tena habari hiyo.

Dorkasi

Tanga, 9 Mei 1973
Kwa mkono wa Abdi, kondakta wa basi

Shikamoo Bibi,

Nimekuelewa. Nyumba ni yako na kosa ni langu, sitakuomba tena. Nimemwambia Bwana Hassani ukweli. Lori litakuja Jumamosi vilevile, maana lina mbegu za kushusha Lushoto. Dereva akifika mwambie arudi tu.

Karakana ya hapa wamenipa kibarua cha miaka miwili. Jumatatu natia sahihi. Kabati lifanye la maharage.

Mika

Mlalo, 12 Mei 1973

Mika,

Usitie sahihi popote. Barua hii anakuletea dereva wa lori, pamoja na kabati lako.

Tumeuvunja ukuta jana, sisi wanawake wa kwaya. Efrazia alishika sururu kama ana ugomvi nao wa zamani. Matofali nimeyatoa mimi, moja moja, maana yale si ya kurusharusha. Kristofa akaweka nguzo mbili paa lisitushukie. Leo kabati limebebwa na watu wanane. Dereva nimemwambia akilikwaruza nitamfuata Tanga kwa miguu. Droo ya chini nimeisugua kwa majivu. Harufu ikibaki, mwambie Bwana wako ndiyo hewa ya milimani.

Sasa nalala kwa Efrazia, anakoroma. Kwangu ukungu unaingia bila hodi. Kwa hiyo tarehe 20 nikuone hapa, si 21. Usilete matofali. Leta mbao za mlango, wa mabawa mawili, futi sita kwa upana. Makabati sita yale utayatengeneza humo, yatoke kwa heshima.

Ukuta ule tuliujenga wawili, na mwenzangu hayupo. Mlango huu utaujenga peke yako. Ufunge vizuri, maana baridi ya Juni haina mchezo na mimi nina goti.

Bibi yako,
Dorkasi