Pembe ya Kushoto ya Mkate

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kwanza maabara. Kiwanda cha kioo cha lenzi — za kamera, za darubini. Kutwa nzima nimesema maneno manne: shikamoo, ndiyo, asante, kwaheri. Mkubwa wetu ni mama mfupi ambaye wote wanamwita Mama Leza. Leza, mashine ya mwanga mkali, inapiga kioo, inatoka cheche ndogo kuliko kichwa cha sindano, na kompyuta inasoma mwanga wake: sodiamu kiasi hiki, bariamu kiasi hiki. Kila sehemu ikisomeka sawa, kioo ni kizuri. Mwezi mmoja wa majaribio. Yaani mimi, siyo kioo.

Jumatano, 5 Machi
Nimeuona Mkate! Bonge la kioo, umbo la mkate wa kukata, unapitisha mwanga kama haupo. Babu Tanuri, myeyushaji wetu, ameupoza polepole siku arobaini. Anasema wajukuu zake hawajawahi kubembelezwa hivyo. Kesho unapimwa. Ukiwa na kasoro, unavunjwa na kurudi tanurini. Mimi nimeusafisha kwa spiriti na kuuweka tayari kwenye meza ya leza.
Kaka kaniuliza nyumbani kama nimeshaongea hata na kioo. Nimemjibu kioo kina adabu kuliko yeye. Nyumbani naweza.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Tumepima sehemu mia moja na ishirini, pigo moja moja tu, maana mteja hataki matundu. Kote sawa. Pembe ya kushoto — sodiamu juu kabisa. Babu Tanuri kasema labda hakukoroga vizuri, labda mkono umezeeka. Mama Leza kamwambia, "Babu, usijizike mapema." Lakini kesho saa nne Mkate unavunjwa.
Glavu za maabara ni za mikono mikubwa, zinateleza. Jana niliogopa nisiuangushe Mkate, nikavua moja nilipokwisha kuusafisha. Ya kushoto, nikaishika pembe ile kwa mkono mtupu. Mkono wangu hutoka jasho nikiwa na woga, na woga ninao kutwa. Jasho lina chumvi. Chumvi ina sodiamu. Mbona hili nilifundishwa shuleni.
Nikisema, kazi imekwenda. Nisiposema, babu wa watu atajiona amechoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesema. Saa tatu na nusu, nyundo iko mezani tayari. Sauti ilitoka kama ya panya. Babu Tanuri akasema, "Rudia, mjukuu wangu, sikio langu limeliwa na tanuri." Nikarudia kwa nguvu mpaka fundi wa chumba cha pili akachungulia.
Mama Leza hakufoka. Akautazama mkono wangu, akanitazama mimi, akasema la glavu tutalizungumza, tena kwa kirefu. Kisha: "Piga kando ya tundu la jana, mara tatu palepale. Kama ni jasho lako, litaungua liishe. Kama ni kioo, sodiamu itabaki." Akanisogezea kitufe.
Pigo la kwanza: juu, kama jana. Babu akavua kofia.
La pili: imeshuka, karibu nusu. Mama Leza anasema nusu haitoshi, tusianze vigelegele.
Leza inapumzika dakika tano, ndiyo naandika hapa pembeni ya meza. Babu Tanuri ameichukua nyundo na kuikalia. Ananiuliza navaa glavu saizi gani.
Taa ya leza imekuwa kijani. Wananisubiri mimi. Nimevaa glavu zote mbili, napiga la tatu —