Betri za Lori kwa Usingizi wa Mama

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo baba anafunga betri mpya kwenye trela letu na zikishafungwa sitakuwa na la kusema, ingawa hata sasa sijasema.

Mimi ni binti niliyemaliza shule juzijuzi na ninakaa nyumbani nikisubiri matokeo. Si mtu wa maneno. Mwalimu wangu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba angependa siku moja kuisikia sauti yangu. Baba ni dereva wa lori, mama ni fundi cherehani, na uani kwetu kuna trela la kupigia kambi ambalo baba alilinunua likiwa limechoka akalifufua mwenyewe, lina vitanda viwili, friji ndogo na pampu ya maji, na vyote hivyo pamoja na taa vinakula umeme wa betri mbili zinazojazwa kwa chaja ya zamani inayochomekwa nyumbani, nazo zinakaa kwenye sanduku chini ya kitanda cha mama, ambazo sasa zimevimba mbavu na hazimalizi hata jioni moja.

Zamani jambo hili lingekuwa dogo, tungewasha mshumaa tukacheka. Lakini mama sasa analala na mashine ya kumsaidia kupumua, ina ukubwa wa kisanduku cha viatu, ina bomba na kitu cha kuvaa puani, kwa sababu akiwa usingizini pumzi humkatika bila yeye kujua, na daktari alimwambia asilale bila hiyo. Tangu aipate hajalala nje ya nyumba yetu. Dada yake alimwalika akakataa, akasema, "Mimi sasa ni kama friji, siendi pasipo na soketi." Alisema kwa utani, ila aliacha kushona mchana ule wote.

Basi baba akaamua kwamba tutampeleka ziwani, mahali tulipokuwa tukienda nikiwa mdogo, ambako hakuna umeme kabisa, na akanichukua tukanunue betri kwa sababu nilisoma fizikia. Dukani tulimkuta rafiki yake, naye ni dereva, na muuza duka akatuonyesha betri za sola, akatuonyesha na zile nyepesi za lithiamu, baba akasema hizo ni za simu, akaenda moja kwa moja kwenye betri za lori. Akagusisha nyaya kama anavyofanya siku zote, ikaruka cheche, muuza duka akarudi nyuma.

"Umeona hiyo?" baba akasema. "Hiyo ndiyo betri, siyo maji ya chai."

"Hiyo inaamsha hata lori lililokufa mwaka juzi," rafiki yake akasema.

"Mwanasayansi wangu, unasemaje?"

Shangazi, mimi nilikuwa nimeshasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni, imeandikwa kwamba ni ya kuwashia injini, na nilijua kwamba betri ya aina hiyo ni kama mkimbiaji wa mita mia, hutoa nguvu zake zote mara moja kisha injini huijaza tena, wakati sisi tunahitaji ya kubeba mzigo taratibu mpaka asubuhi. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni. Wakanitazama wote watatu, nikatikisa kichwa kukubali.

"Msomi amepitisha," baba akasema, na zikawekwa pembeni na alama ya chaki, tuje kuzilipia na kuzichukua Jumamosi.

Nyumbani kwetu asiyesema amekubali, ndivyo tulivyolelewa. Jioni baba alimwambia mama kwamba betri nimezikagua mimi, mama akanigeukia nikatazama sahani yangu, naye akasema, "Kama ni wewe umeziangalia, mwanangu, basi mimi nitalala." Kesho yake akaanza kushona mapazia ya trela. Ameyatia maua ya njano. Kila nikisikia cherehani naona aibu, kwa sababu mama hakuiamini betri, ameniamini mimi.

Nikimwambia baba amekosea, nitakuwa nimemvunjia heshima kwa jambo analolijua kuliko watu wote mtaani. Nikimwambia mama, atakataa safari na hatarudi tena kuitamani. Na hata nikipata ujasiri sijui niseme tununue zipi. Nifanye nini?

Ni mimi, Mwanasayansi wa Kutikisa Kichwa.

*

Mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipomaliza nikampigia fundi umeme anayetunza jenereta ya ofisi yetu, maana mimi najua mambo ya wakwe, si ya betri. Ulichokisoma ubavuni ni kweli. Betri ya lori ukiimaliza na kuijaza tena, mara kwa mara, itakufa mapema, na haitakuaga. Kwa hiyo akili yako iko sawa. Shida ni shingo yako.

Nikugombeze kidogo, halafu tuendelee. Umelelewa vizuri, nakubali, lakini umechanganya adabu na ububu. Adabu ni namna ya kusema, haijawahi kuwa kutosema. Wewe unaona unamlinda baba. Unamlinda na nini? Aje agundue ukweli kule ziwani, mashine imezimika na mkewe amelala? Hiyo ndiyo heshima unayomwekea?

Na usimwone baba yako mjinga, maana nakusikia unakaribia hapo. Kwa lori, cheche yake ni kipimo cha kweli. Amekosea kwa sababu anaijua kazi yake sana, akabeba kipimo cha lori akakipeleka kwenye kitanda cha mama yako. Basi mrudishe kwenye lori. Mfuate akiwa peke yake, analiosha, mpelekee na ndoo ya maji, umuulize hivi: "Baba, ukizima injini ukasahau taa zinawaka mpaka asubuhi, lori litawaka?" Hakuna dereva asiyejua jibu, na hakuna asiyekuwa na kisa chake. Mwache akisimulie kisa chote, usimkatize. Akimaliza mwambie, "Trela letu ni lori lililoachwa taa zinawaka, na injini halina." Kisha nyamaza. Hapo kunyamaza kwako kutakuwa na kazi.

Sasa za kununua. Kwa kuwa chaja ya trela lenu ni ya zamani, fundi anasema mchukue zile za sola, za kubeba mzigo taratibu, zilizofungwa, zisizoongezwa maji. Za lithiamu ni nzuri, nyepesi na hudumu, wala si za simu, ila zinataka chaja inayoelewana nazo, na chaja hiyo hamna. Mkija kuibadilisha, mtazifikiria. Badilisheni zote mbili pamoja, za aina moja na umri mmoja, kwa sababu ya zamani ikiunganishwa na mpya huivuta chini, kama mlevi anavyomvuta anayemsindikiza. Na sanduku liwe na tundu la kutolea hewa nje ya trela, kwa kuwa hata hizo zilizofungwa zikijazwa kupita kiasi hutoa gesi, na juu yake analala mtu mwenye taabu ya pumzi.

Ukubwa msikisie. Geuza mashine ya mama, soma kibao chake uone inakula umeme kiasi gani, uzidishe kwa saa anazolala, uongeze friji, taa na pampu. Jumla hiyo, mkiizidisha kwa siku mtakazokaa ziwani bila kuchaji, isizidi nusu ya uwezo wa betri zenu. Hesabu hiyo ni yako, ndiyo maana ulisoma. Na mama aulize kliniki waliompa mashine jinsi ya kuitumia kwa betri, na kama anaweza kukizima kile kinachopasha maji ya kulainisha hewa ndani ya mashine, kwa sababu hicho ndicho mlafi.

Mama naye umwambie leo, hata kabla ya baba. Usimwambie safari imekufa. Mwambie, "Mama, nilitikisa kichwa lakini sikukagua. Sasa nakagua." Sentensi fupi, utaimudu. Atakukasirikia kidogo, na atashona hayo mapazia mpaka mwisho, nakuhakikishia, kwa sababu mtu hatii maua ya njano kwenye pazia la safari asiyoitaka.

Betri zikishafungwa, msiende popote kwanza. Chomoeni waya wa chaja unaotoka nyumbani, mama alale kwenye trela hapo hapo uani, wewe ulale kitanda cha pili, nyumba ikiwa hatua chache na soketi zake zote. Rudieni na usiku unaofuata. Asubuhi baba akija na chai yake kuuliza, "Mwanasayansi, unasemaje?", sikiliza kwanza kama mashine bado inavuma na mama bado anapumua taratibu.

Ukisikia vyote viwili, ndipo utikise kichwa.